Kabla Idrisa hajaanza dawa

Mwanaidi shoga yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Mama mpe shikamoo yangu, na Kassim mwambie deni lake sijalisahau. Mengine baadaye, maana habari ya ndugu yako Idrisa imenikaa kichwani. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi.

Unasema wameona ni ADHD, ile hali ya kukosa umakini na utulivu, na wiki ijayo anaanza dawa yake, methilifenideti. Huenda ni kweli, Idrisa tunamjua sote. Lakini daktari ameambiwa kuhusu kile kipindi cha mitihani? Alipokuwa analala kwa saa mbili tu na kuamka mzima kama chuma, saa tisa usiku anapaka rangi mlango wa chooni, anaongea mpaka Rehema anakosa pa kuingilia (Rehema!). Kisha akaanguka kitandani, hata kuoga hataki. ADHD haiji na kuondoka hivyo. Dalili zake huanza kabla ya miaka 12 na humfuata mtu kila siku. Anayekosa usingizi kwa ADHD kesho yake huwa hoi. Anayelala kwa saa mbili asichoke, siku mfululizo, huyo aulizwe habari za baipola, ugonjwa wa hisia kupanda juu mno kisha kuanguka chini mno.

Nang'ang'ania hili kwa sababu ya dawa. Methilifenideti huziacha dopamini na noradrenalini, kemikali za ubongo, zikae zaidi kati ya seli za neva, ili ile sehemu ya mbele ya ubongo inayotuambia "subiri kwanza" ipate nguvu. Kwa mwenye ADHD ni msaada mkubwa. Mwenye baipola akipewa hiyo peke yake, inaweza kumrusha juu. Watafiti wa Uswidi walichapisha mwaka 2017: wagonjwa wa baipola walioianza bila dawa ya kusawazisha hisia, hatari ya mania, yaani huko kupanda juu mno, iliongezeka zaidi ya mara sita ndani ya miezi mitatu. Waliokuwa na hiyo ya kusawazisha, haikuongezeka. Basi kwanza hisia zitulie, umakini ufuate. Na wapo wenye yote mawili, kwa hiyo simwambii mtu kwamba daktari kakosea.

Ile picha ya ubongo unayoulizia, achana nayo. Ukilinganisha makundi ya watu, tofauti zinaonekana kweli: kwa wenye ADHD, mtandao wa ubongo unaofanya kazi tukiwa tumezama kwenye mawazo yetu hautulii vizuri kazi inapoanza, na watoto wengi gamba la ubongo hukomaa kwa kuchelewa. Lakini picha ya Idrisa peke yake haitamwambia mtu kama ana hili au lile. Kitakachosema ni historia, na historia unayo wewe uliyelala chumba cha pili ukisikia brashi ikipita mlangoni. Yeye hataisimulia. Mtu akiwa juu haoni ugonjwa, anaona ndiyo kwanza amepona.

Mimi na baipola yangu, lithiamu ya kusawazisha hisia naendelea nayo, napimwa damu, figo na tezi ya shingo kama gari la abiria. Hisia zimetulia, Alhamdulillahi, ila umakini haujarudi wote. Nasoma huku kidole kiko kwenye mstari, nikifika chini ya ukurasa sijui juu palisemwa nini. Wengi wetu hubaki hivyo hata tukiwa wazima. Ukinipa ile fomu ya maswali ya ADHD nitafaulu kwa alama za juu kabisa! Ndiyo maana fomu peke yake hainitulizi, na ndiyo maana narudia: zile siku za rangi, zisemwe.

Sasa nijibu. Miadi ni siku gani, na utaingia naye au utabaki nje? Walimu wake wa shule ya msingi walikuwa wanasemaje? Yule mjomba wenu ambaye hatajwi, alikuwa na nini hasa? Muulize mama kwa upole, maana baipola hufuata damu. Idrisa analala kwa saa ngapi siku hizi, na kuna dawa ya sonona aliwahi kupewa? Na wewe mwenyewe, unalala?

Wako,
Saumu