Barua kwa mwanangu: yule aliyekaa mbele kwenye upepo

Lubumbashi, siku ya yenga (Jumapili), mwezi wa nane

Mwanangu, mama,

Nakuita mama na sababu unaijua: umebeba jina la aliyenizaa. Kwa hiyo naandika kwa adabu mbili, ya baba kwa mtoto wake na ya mtoto kwa mama yake, maana humu ndani kuna neno nililokuficha miaka mingi. Nitalifikia. Nipe nafasi kwanza nikueleze nilichokiona leo.

Kulikuwa na mashindano ya kinga katikati ya mji. Kule Kolwezi naona umeanza kusema baiskeli, ila mimi sina jina lingine, ni kinga. Walifunga barabara za kuzunguka Place de la Poste tangu asubuhi, watu wa pikipiki wakanung'unika, wamama wa mikate wakafurahi. Mdogo wako alinipeleka, kwa sababu ya goti. Baridi ya asubuhi ilikuwa bado ipo na vumbi la kiangazi limekaa juu ya kila kitu, hata juu ya koti langu la kanisani ambalo mama yako alikuwa amelipiga pasi.

Watu wengi walijazana kwenye mstari wa kumalizia. Makosa. Pale unaona rangi zinapita, shwaa, basi, unabaki kutazama lami. Nikamwambia mdogo wako tusimame baada ya kona, hatua kama ishirini hivi. Kwenye kona wanapunguza mwendo. Wakitoka wanasimama wote juu ya pedali kuutafuta tena, na hapo ndipo mwili hauwezi kudanganya. Aliyechoka anaachwa mita mbili. Mzunguko unaofuata mita tano. Na mita tano hizo, mama, kuzifuta ni kama kulipa deni la watu wa riba.

Mbio za mjini si za kutoka hapa hadi Likasi. Ni duara fupi, wanalizunguka mara nyingi. Leo ilikuwa mara 20. Anayepitwa duara zima anaonyeshwa mkono atoke. Ukibaki mzunguko mmoja inagongwa kengele, na kengele ya leo ilikuwa kipande cha chuma kimefungwa kwa waya, kinalia kama ile ya shule yako ya zamani. Mdogo wako akanisomea kwenye simu kwamba shirikisho la dunia haliruhusu kinga ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8. Chini ya! Yaani mtu anakatazwa wepesi. Nilicheka mpaka bwana aliyesimama karibu akageuka. Kinga yangu ya zamani, ile Phoenix, tupu, bila mzigo, ilikuwa karibu mara tatu ya hapo, na mimi nikaipakia magunia matatu ya makala, makaa ya kupikia.

Nikamfundisha mdogo wako kuhesabu. Watatu walikuwa wamechomoka mbele. Unachagua mlingoti mmoja; wa kwanza akiupita unaanza moja, mbili, tatu, mpaka kundi lipite mlingoti uleule. Tulipata kumi na tano. Mzunguko uliofuata ishirini na mbili. Watu wakaanza kusema wale watatu wamekwenda. Mimi nikasema ngoja, maana nilikuwa nimemwona kijana mmoja wa fulana nyekundu amejiweka mbele ya kundi.

Unajua kazi ya aliye mbele? Anakata upepo. Wanaomfuata gurudumu kwa gurudumu wanaokoa karibu theluthi ya nguvu zao, na aliyejificha katikati ya kundi kubwa anaokoa zaidi. Ndiyo maana wanakaa karibu vile hata unaogopa. Na kuna jambo la pili ambalo watu hawalioni: aliye mbele ndiye peke yake anayeona barabara. Leo kila walipokaribia kile kifuniko cha mfereji kilichotitia, kijana yule alishusha mkono akaonyesha kidole chini, na wa nyuma yake naye akaonyesha, na wa nyuma yake, mpaka mwisho wa mstari. Nilipoona hivyo moyo ulinishika. Sisi wabeba makala tulikuwa tunapiga kelele tu: Shimo! Na neno linapita nyuma gizani, shimo, shimo, shimo, mpaka kwa yule wa mwisho.

Kumi na nane. Kumi na tatu. Tisa. Kijana yuko mbele tu. Mate yamemkauka mdomoni, mabega yameanza kucheza, na bado yuko mbele. Kawaida mtu akichoka anatikisa kiwiko, maana yake njoo wewe sasa, anajisogeza pembeni, mwingine anaingia. Nilimtazama kiwiko mizunguko mitano. Hakikutikisika.

Hapa nikakukumbuka wewe na ile video ya Kigali uliyonitumia Septemba 2025, siku dunia nzima ya kinga ilipokuja kwa mara ya kwanza Afrika kutafuta bingwa wake. Kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, na waliofika mwisho 30 tu. Yule Pogačar wa Slovenia alikwenda peke yake zaidi ya kilomita 60 za mwisho, na wewe ukaniandikia chini yake: "Baba, angalia, hahitaji mtu." Nilikujibu kwa kidole gumba kwa sababu kuandika kwenye simu kunanichosha. Jibu langu lilikuwa hili: Pogačar ni mmoja. Na hata yeye, kabla ya kwenda peke yake, kulikuwa na wenzake waliovaa fulana ya nchi yake ambao walimlinda kwa saa nzima-nzima, kisha wakaachwa, na video yako haikuwaonyesha.

Turudi mjini. Wale watatu walishikwa mzunguko wa kumi na nane. Kengele ikalia, mwenzake wa yule kijana, fulana nyekundu vilevile, akatoka nyuma mbichi kama muhogo wa leo, akashinda kwa urefu wa kinga mbili. Watu wakapiga makelele, wakambeba. Kijana wangu aliingia karibu wa mwisho, hakuna aliyemtazama, akaketi kwenye ukingo wa barabara na kofia yake magotini.

Nilimwendea. Mdogo wako alinivuta mkono, nikamwambia niache. Nikampa mkate na maji. Nikamuuliza, "Mwanangu, mbona hukutoka mbele? Wenzako walikuwepo." Akanywa kwanza. Akasema, "Papa, sikuangalia nyuma. Nilizani nimebaki mwenyewe." Nyuma yake walikuwa watu wanne wa timu yake, wamepumzika, wamemngoja tu awape ishara.

Sasa lile neno.

Unajua goti langu lilivunjwa na lori. Ndivyo nilivyowaambia wewe na mama yako, na ndivyo umekuwa ukiwaambia watu. Hakukuwa na lori. Tulikuwa saba usiku ule, tunatoka porini upande wa Likasi, barabara hiyohiyo unayokuja nayo ukitoka Kolwezi. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki; mtu anayekuja mjini kwa upande ule unampiga usoni, na magunia matatu ni ukuta, upepo unayasukuma kama mlango. Kwa mwendo wetu wa polepole siku nyingine upepo si kitu, ila Agosti ni Agosti. Sheria yetu ilikuwa moja: unakaa mbele mpaka wimbo mmoja uishe, wanaoimba ni wa nyuma, halafu unapisha. Tulikuwa na mmoja tulimwita Merckx, jina la yule bingwa wa kinga wa Ubelgiji, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo.

Usiku ule nilikataa kupisha. Wewe ulikuwa unaingia sekondari, minerval, ile karo ya shule, sikuwa nayo, na kichwani mwangu niliona kwamba mimi ndiye mwenye shida kubwa kuliko wote, basi nguvu yangu ndiyo itakayotufikisha. Wimbo ukaisha. Merckx akaniita, "Pisha, ndugu!" Nikajifanya sisikii. Wakaimba wa pili. Wakaniita tena. Wimbo wa tatu sikuusikia mwisho wake, macho yalikuwa yamefumba bila mimi kuyaruhusu, na shimo ambalo kazi yangu ilikuwa kuliona, niliingia ndani yake na magunia yote yakanilalia. Mtu wa nyuma yangu alivunjika mkono. Yeye hakuwa na kosa lolote. Wenzangu waliniuzia makala yangu siku ile na wakaleta pesa yote nyumbani, hata falanga moja haikupungua. Minerval yako ya mwaka wa kwanza ililipwa na watu sita, mmoja wao mkono umefungwa kwa kitambaa. Hilo pia sikukuambia. Niliacha uamini nililipa mimi.

Mama, tangu uanze kazi umelipa shule ya mdogo wako mpaka amemaliza, umelipa dawa zangu, umelipa bati la jikoni, na sasa wiki iliyopita umetuma tena minerval ya kitinda mimba. Mama yako anasema kwenye simu siku hizi unajibu kwa maneno mawili. Mdogo wako ameanza gereji tangu mwezi wa sita. Si mshahara mkubwa, lakini mshahara. Tulipokuwa tunarudi leo akaniambia, bila kunitazama, kwamba alitaka alipe yeye minerval ya mwaka huu, ila ulipotuma aliona aibu kusema. Nikamuuliza kwa nini. Akasema juu yako, dada yake: "Yaya hakuniuliza."

Basi nimemwambia alipe. Ameshakwenda kumwona mhasibu wa shule, watapokea kwa mara tatu. Mama yako alilia kidogo, akapika bukari na sombe kama sikukuu, na samaki wa Thomson wawili, tukala bila wewe, utusamehe.

Ukija mwezi wa kumi jakaranda zitakuwa zimefunguka, pita upande ule wa Place de la Poste, kwenye kona niliyokuambia. Kifuniko cha mfereji bado hawajakitengeneza, uangalie usiingize mguu.

Na zile pesa zako sikuzigusa. Nimezirudisha jioni hii, tazama simu yako. Makato nimelipa mimi.

Baba yako