Barua kwa mwanangu: nguvu zikikuishia, Mungu hajaishiwa

Mwanangu mpenzi,

Nimeisikiliza ile sauti uliyonitumia juzi usiku, nikairudia. Unasema ukiomba unajiona kama unaongea peke yako. Jumapili unabaki nyumbani kwa sababu hutaki mtu akuulize kama kazi imepatikana. Ukifungua Biblia macho yanapita juu ya maneno, hayashiki kitu. Kisha ukanyamaza kidogo, ukauliza kama Mungu amekuchoka. Ningekupigia, lakini kwenye simu sisi wawili huishia kulia, na haya nataka uwe nayo kwa maandishi, uyasome ukiwa umetulia.

Kwanza nimalizane na hao wa kikundi cha maombi waliokwambia imani yako ni ndogo, ndiyo maana milango imefungwa, upande mbegu uone maajabu. Usitume hata shilingi. Hizo zilizobaki ni za kodi na unga. Mtu anayemwambia aliyeachishwa kazi alipie ndipo Mungu amkumbuke anamsingizia Mungu, na hilo nalisema bila kumung'unya maneno. Paulo alimwandikia Timotheo: "Kama sisi hatuamini, yeye hudumu wa kuaminiwa. Kwa maana hawezi kujikana mwenyewe." Usome mstari huo taratibu. Uaminifu wa Mungu haupandi na kushuka kwa kufuata imani yako. Haukuanzia kwako, basi hauwezi kuishia kwako.

Sasa twende Maombolezo, mlango wa tatu. Unaujua mstari wa 23, "Ni mpya kila siku asubuhi, uaminifu wako ni mkuu", maana watu huuandika kwenye kalenda na kuubandika ukutani. Lakini anza mwanzo wa mlango, usirukie katikati. Yerusalemu umeanguka mbele ya Wababeli, mwaka 586 kabla ya Kristo. Hekalu limechomwa, na watoto wachanga wamezimia kwa njaa vifuani mwa mama zao. Aliyeandika anasema kuhusu Mungu, "Nikilia na kuomba msaada, huyapinga maombi yangu." Mwanangu, hayo si ndiyo uliyoniambia wewe juzi? Yamo ndani ya Biblia, na hakuna aliyeyafuta kwa kuona ni maneno ya mtu asiye na imani. Mstari wa 18 anasema nguvu zake zimepotea, na tumaini lake kwa Bwana pia. Ni mtu wa namna hiyo, aliyefika mwisho kabisa, ambaye mistari michache mbele anasema uaminifu wako ni mkuu. Mji ulikuwa bado magofu. Hakuna habari njema iliyomfikia katikati ya mstari wa 18 na wa 22. Alichofanya ni kujikumbusha kile alichokijua juu ya Mungu tangu kabla ya msiba, akakisema kwa kinywa chake.

Na jambo ambalo wahubiri wengi hulipita: baada ya hapo anarudi kulia. Mstari wa 49 jicho lake bado linatoka machozi, halikomi. Kwa hiyo ukiukiri uaminifu wa Mungu asubuhi, na jioni ukajikuta unalia tena kwenye mto, usidhani ile imani ya asubuhi ilikuwa ya uongo. Vyote viwili vimekaa kwenye mlango mmoja, na Mungu aliviacha vikae hivyo.

Kuna habari nyingine nayoipenda sana, Yeremia 38. Wakuu walimteremsha nabii kwa kamba ndani ya shimo lisilo na maji, lenye matope tu, akazama ndani ya matope. Alikuwa amesema yale Mungu aliyomtuma, na malipo yakawa hayo. Mungu hakupasua ardhi wala hakutuma malaika. Alikuwako Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme, mgeni katika mji ule. Akaenda kwa mfalme akamtetea Yeremia, akapewa watu. Lakini kabla ya kwenda shimoni alipita chini ya hazina akachukua nguo zilizochakaa na matambara, akayateremsha kwa kamba, akamwambia Yeremia ayatie chini ya kwapa zake, chini ya kamba. Alijua kamba tupu ingemchubua mtu aliyekonda kwa njaa. Kila nikifika hapo nasimama. Uaminifu wa Mungu ulimfikia Yeremia ukiwa matambara makuukuu mikononi mwa mtu aliyefikiria kwapa za mwenzake.

Ndiyo sababu nakuuliza: yule jirani yako anayekugongea kila jioni kukuletea sukuma wiki, umemhesabu? Yule rafiki yako aliyekulipia stima mwezi uliopita bila kuombwa? Unangoja barua ya kazi ndipo uamini kwamba Mungu anakuona, na mimi pia naiombea barua hiyo kwa bidii. Ila hao watu usiwapite kana kwamba wamekuja kwa bahati tu.

Nabii Eliya naye unamkumbuka, jangwani chini ya mti wa mretemu, akiomba afe. "Yatosha," alisema. Malaika hakumhubiria. Alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule," na kulikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa tena ale. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, kwenye mlima Horebu. Kwa hiyo mama yako anakuagiza ule chakula cha mchana, na uache kukesha na simu. Ukiona wiki zinapita usingizi hauji na chakula hakipiti, nenda hospitali umweleze daktari. Kumwona daktari si kukosa imani kwa Mungu.

Nimalizie na nyumbani kwetu, maana ulikua ukipita pale kanisani Rabai kila siku ukienda shule na huenda hukuwahi kufikiria waliotangulia. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 na mkewe Rosina. Julai mwaka huo huo Rosina akafa kwa homa siku chache baada ya kujifungua, na kile kitoto cha kike kikamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Mmisionari mwenzake, Johannes Rebmann, alipomfuata mwaka 1846, wakahamia Rabai, na mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, aliyekuwa na ulemavu, alibatizwa mwaka 1851 akiwa anakaribia kufa. Krapf afya ikamrudisha Ulaya. Rebmann alibaki mpaka mwaka 1875, akaondoka macho yakiwa yamekwisha kuharibika, na waumini aliowaacha walikuwa wachache mno. Alikufa mwaka uliofuata. Sikupi habari hizi ili uone shida yako ni ndogo. Huzuni haiwekwi kwenye mizani. Nakupa kwa sababu Rebmann angepima uaminifu wa Mungu kwa alichokiona kwa macho yake, angefunga virago mapema. Bibi yako alibatizwa Rabai, nami nikabatizwa Rabai, na hakuna hata mmoja wetu ambaye mzee yule aliahidiwa kumwona.

Jumapili hii nenda kanisani. Kaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na ukishindwa kuimba usijilazimishe, waache wenzako waimbe nawe usikilize. Mtu akikuuliza habari za kazi, mwambie bado, basi. Nyumbani ukishindwa kuomba kwa maneno yako, soma Zaburi ya 42 kwa sauti na uiache iwe maombi yako. Siku utakayoshindwa hata hiyo, ujue tunaomba sisi. Alhamisi tukikutana akina mama huwa nataja jina lako. Mambo yako sijayaeleza, nimewaambia tu mwanangu anahitaji kushikwa mkono, na wanakushika.

Nimekutumia nauli ya basi. Ukiona heri kuja nyumbani wiki mbili, njoo, chumba chako kiko wazi na hakuna atakayekuuliza lolote. Baba yako anakusalimu, anasema mihogo imekomaa.

Ni mimi mama yako nikupendaye.