Riwaya ya tetemeko: panga namba kabla ya sura ya kwanza

Msomaji wa Kyela au Tukuyu akifungua riwaya ya tetemeko kwenye simu yake, hahitaji kuelezwa ardhi ikitikisika inakuwaje. Mwandishi akikosea umbali au muda, msomaji huyo haamini tena hata mazungumzo ya wahusika. Kazi yetu hapa Mbeya ni kuipima miswada ya namna hiyo kisayansi, kuihariri na kuiandaa iuzwe mtandaoni. Kabla hatujagusa lugha, tunamwomba mteja karatasi moja: ufa aliouchagua (mpasuko wa miamba unaoteleza na kuleta tetemeko), kina chake, ukubwa wa tetemeko, saa ya tukio, na umbali wa kila mhusika kutoka kwenye kitovu, yaani pale juu ya ardhi palipo juu ya mtelezo.

Nyufa za kuchagua zipo tele. Mbeya imekaa pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana: la Rukwa, la Ziwa Nyasa na la Usangu. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 linakadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4, kwa hiyo ukiandika 7 hujatia chumvi. Ukiandika 9 umeshatoka huku kwetu. Ukubwa huo ni wa kama Japani na Chile, ambako bamba moja la dunia huzama chini ya jingine. Kumbuka pia kwamba kutoka 6 hadi 7 nishati huongezeka takriban mara 32.

Umbali ndio unaoharibu miswada mingi. Tuseme kitovu kiko Kyela na mhusika yuko Mbeya mjini, kilomita 80 na zaidi kwa mstari ulionyooka. Mawimbi ya kwanza husafiri kama kilomita 6 kwa sekunde, ya pili kama 3.5. Basi mama aliyeko Mbeya atasikia vyombo vikigongana kabatini sekunde 14 hivi baada ya ufa kuteleza, na mtikiso mkubwa zaidi utamfikia kama sekunde 10 baadaye. Ndugu yake wa Kyela hapati nafasi hiyo. Kwake yote mawili huja karibu kwa pamoja. Wakiwa wanaongea kwa simu, hapo una tukio zima la kuandika, na sayansi imekupa bure. Mtikiso wenyewe usiuvute dakika tano: kwa ukubwa wa 6, ule mkali karibu na kitovu huchukua sekunde kumi, ishirini.

Ardhi haifunguki ikammeza mtu kisha ikajifunga. Nyufa zetu hushuka: upande mmoja unakwenda chini, na kwa ukubwa wa 7 barabara inaweza kubaki na ngazi ya mita moja au mbili. Kwenye mashamba ya mpunga, mchanga uliojaa maji hulainika kama uji na kuchomoza juu kwa vijilima. Nyumba ya tofali za udongo isiyo na mkanda wa zege huanza kupasuka pembeni mwa madirisha, nyufa zikilala mshazari, kisha ule ukuta wa pembetatu ulioshika paa huangukia nje. Kwa hiyo mhusika anayekimbilia ukutani kwa nje amekimbilia hatari. Na usiuamshe mlima wa volkano wa Kyejo kwa sababu tu ardhi imetikisika. Mara ya mwisho ulilipuka karibu mwaka 1800.

Matetemeko madogo yanayofuata lile kuu yanahitaji kalenda yake. Kwa kawaida lile kubwa kati yake hupungua kama 1.2 chini ya tetemeko kuu, na idadi hushuka haraka siku za mwanzo. Lakini Karonga, ng'ambo ya mpaka huko Malawi, Desemba 2009 mambo yalikwenda kinyume: matetemeko yalifuatana, na kubwa kuliko yote lilikuja tarehe 19, karibu wiki mbili baada ya yale ya kwanza. Kwa mwandishi hii ni dhahabu, maana wahusika wako wanaweza kuwa wameshaanza kurudi kulala ndani.

Kuchapisha ni kazi fupi ukifuata hatua hizi. Vichwa vya sura viwekwe kwa mtindo wa kichwa ndani ya Word, si kwa kukoleza herufi tu, la sivyo EPUB (faili la kitabu cha kusomea kwenye simu) haitakuwa na yaliyomo ya kubofya. Lugha ya faili iandikwe "sw", vinginevyo programu ya kusoma kwa sauti hutamka Kiswahili kama Kiingereza. Jalada liwe pikseli 1600 kwa 2560, na jina lisomeke likipunguzwa hadi ukubwa wa kidole gumba. Kwa wanaonunua kupitia WhatsApp, PDF iwe ya ukubwa wa A6. Ya A4 huwalazimisha kusogeza kila mstari. ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na EPUB na kitabu cha karatasi kila kimoja huhitaji namba yake. Soma pia orodha ya lugha za duka kabla ya kujisajili, kwani si kila duka hupokea Kiswahili.

Ukitaka tuanze, tuma sura tatu za mwanzo kwa Word pamoja na ile karatasi ya tetemeko. Kama ufa bado hujauchagua, andika tu wilaya na aina ya nyumba za wahusika, tutakupendekezea unaofaa.