Si kila DNA ni kesi ya mtoto

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kwenye kibanda hapa Igombe, na nimeshazoea: nikiona neno DNA ukurasa wa mbele, najua kuna baba kamkataa mtoto. Sina ugomvi na habari hizo, ila zinanifuata mtaani. Mimi ni mwanabiolojia wa molekuli, mwaka wa 23 huu nashughulika na kemia ya DNA. Juzi mvuvi mmoja, mtu mzima, alinivuta pembeni pale mwaloni akaninong'oneza: "Mwanangu, nasikia unapima. Huyu wa tatu simwelewi." Nikamwambia, baba, kazi hiyo sheria ya mwaka 2009 imeiweka chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, mimi napima maji. Aliniangalia kana kwamba nimemnyima.

Ndiyo, napima maji kwa DNA. Ninayotumia haikutoka kwa mtu wala kwa sangara. Inaundwa kiwandani herufi kwa herufi (A, T, G na C, ndivyo tunavyoziita kemikali nne zinazoijenga), na hunifikia ikiwa imekaushwa chini ya kichupa, hata huioni. Nilipokuwa mwanafunzi tulifundishwa kwamba DNA ni ghala tu, inatunza maagizo basi. Kisha nikasoma kazi ya wanasayansi Ronald Breaker na Gerald Joyce ya mwaka 1994, kule California. Walianza na matrilioni ya vipande vya DNA vilivyopangwa ovyo, wakachuja, wakachuja tena, wakabaki na kipande kinachofanya kazi kama kimeng'enya, yaani kinachoharakisha kemia: kinakata uzi, mradi kuna madini ya risasi. Wiki ile nilibadili somo, na marehemu baba, aliyeshawatangazia ndugu kuwa nitakuwa daktari, hakunisemesha mpaka Krismasi.

Kilichonirudisha ziwani ni zebaki. Huku kwetu mwalo ni mahali mitumbwi inapopakua dagaa. Vukeni mwende Geita, mwalo ni mahali wachimbaji wanapochenjua dhahabu, na zebaki, inayonasa dhahabu hiyo, inashikwa kwa mikono mitupu. Maji ya mwalo wa pili yakiteremka, yanaelekea kwenye mwalo wa kwanza. Mwaka 2004 mkemia Akira Ono na mwenzake huko Japani, nchi ambayo Minamata, mji ambako watu waliugua kwa kula samaki wenye zebaki iliyomwagwa na kiwanda, iliifundisha zebaki ni nini, walitumia tabia moja ya DNA: zebaki hupenda kukaa katikati ya herufi T mbili, ikazifunga kama kishikizo. Unatengeneza uzi wenye T nyingi, ncha moja unaiwekea rangi inayong'aa, ncha ya pili kitu cha kuizima. Zebaki ikiwamo, uzi unajikunja, ncha zinakutana, mwanga unafifia. Sisi tunasoma huo mwanga.

Wenzangu wa mijini huniuliza kwa nini situmii kingamwili kama wengine. Kwa sababu ya umeme: kingamwili, kama vimeng'enya, ni protini, nazo zinataka baridi. Wakati mmoja shehena yangu ya vimeng'enya ilikwama njiani siku tisa. Barafu iliyeyuka na mzigo ukafika umeoza. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri nayo ilinifia wikiendi ndefu, nikatupa kazi ya miezi saba. DNA iliyokaushwa kwenye karatasi ilikuwa droo ya pili, joto lote lile, na Jumanne ilifanya kazi kama kawaida. Zamani tukisubiri kivuko Kigongo, wasiwasi wangu ulikuwa boksi la barafu. Sasa daraja lipo, lakini hata lisingekuwapo, karatasi zangu zingesubiri.

Nisiwadanganye wasomaji: kipimo hiki hakimpimi samaki. Kinaona zebaki iliyo kwenye maji, na kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakitaja kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita, kiasi kidogo kinachonipa taabu mpaka leo maji yakiwa na tope. Zebaki ambayo bakteria wa matope wameshaigeuza na kuipandisha kwa samaki ni kazi ya mashine kubwa.

Ombi langu kwenu ni dogo. Jumatano ijayo tunachota maji upande wa Geita, tunaondoka saa 11 alfajiri. Mtumeni mwandishi mmoja, avae mabuti. Na yule mzee wa mwaloni nimeshamwambia naye aje.

Mtafiti wa maji,
Igombe, Mwanza