Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ziara za Maabara ya Fizikia

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji nawasilisha taarifa ya mwaka. Ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina. Mimi nitajikita kwenye ziara za wanafunzi wetu katika maabara ya fizikia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maana ndizo zilizokula muda wetu na ndizo zilizoleta maneno.

Maneno yenyewe ni kwamba tunapeleka watoto wachache mno. Ni kweli, na tumekusudia. Zamani tulijaza mabasi, watoto wakapitishwa meza hadi meza kama watalii, wakapiga picha wakaondoka. Mwaka huu meza moja ilikuwa ya wanafunzi wanne, na kila mmoja sharti ashike kifaa. Wa kulaumu anilaumu mimi.

Waliokuwepo wanalikumbuka zoezi la kupima unene wa unywele kwa leza. Unywele unabandikwa mbele ya leza, mwanga unaelekezwa ukutani umbali wa mita 2, na badala ya doa moja inatokea safu ya madoa mekundu yanayotenganishwa na giza. Unywele ukiwa mwembamba zaidi, madoa yanaachana zaidi. Shida ni kwamba kidato cha tano wote walikuwa wamenyoa! Mwalimu mmoja akajitolea, wakachomoa uzi kwenye rasta zake, madoa yakatokea safi kabisa, hadi fundi sanifu wa maabara alipowauliza wanampima mwalimu au wanapima plastiki. Ikabidi yeye mwenyewe atoe unywele wake. Kutoka giza hadi giza wakapata sentimita 2; kwa leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, hesabu ikatoa milimita 0.065. Hapo binti mmoja, ambaye nilidokezwa kuwa darasani hafungui mdomo, akaomba mikromita, kifaa cha kupimia unene, ahakikishe. Ikasoma kati ya 0.06 na 0.07. Hakuna aliyemtuma.

Kwenye kaunta ya Geiger, kifaa kinacholia kinapogundua mionzi, nako walibishana sana: mbona inalia na chanzo cha mionzi bado kimo ndani ya boksi la madini ya risasi linalozuia mionzi? Walimu tuliwaachia wabishane mpaka wenyewe wakafika kwenye mionzi ya asili, ya ardhini na ya kutoka angani.

Utaratibu wa kila mtoto kuja na swali lake kwenye karatasi uendelee, hata kama baadhi yenu mnauona usumbufu. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi pale Mkwawa, Iringa, alipomuuliza mgeni kutoka chuo hikihiki cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, kwa nini kimiminika cha moto huweza kuganda kabla ya kile cha uvuguvugu. Wenzake walimcheka. Osborne alirudi Dar akalipima jambo hilo, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia wanalibishania hadi leo.

Changamoto hazikukosekana. Kosta tuliyokodi kuwachukua wanafunzi wa Mbagala ilifika saa nne badala ya saa moja na nusu, ikakutana na foleni, na watoto wale wakaambulia zoezi moja tu. Kuanzia sasa hatulipi usafiri wote kabla ya safari. Ziara nyingine iligongana na mitihani ya utamilifu. Wakuu wa shule walituambia mapema, tukawa wazito kubadilisha tarehe.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza zoezi la unywele lifanyike pia shuleni kwetu, kwani majengo ya maabara tunayo, vifaa ndivyo haba. Leza za mkononi zinapatikana Kariakoo kwa bei nafuu, ila tahadhari: nyingi zina nguvu kuliko kibandiko kinavyosema. Ifungwe mezani, ielekezwe ukutani, na asiwepo wa kuichungulia.

Maombi ya nafasi yapelekwe kwa katibu kabla shule hazijafunga. Shule ambazo hazijawahi kwenda zitatangulia, na idadi kwa meza itabaki wanne.