Barua kwa mwanangu: cheza na huyo huyo mmoja

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, baba. Sisi huku hatujambo, na mdogo wako homa imeshamwachia. Nimesoma kwamba mwenzako wa chumbani anataka kujifunza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kutunga hadithi kwa mazungumzo na dadu, ambao mchezeshaji (hapa ni wewe) anaisimulia dunia na maadui, na kila mchezaji anamwongoza shujaa wake, ila unangoja wapatikane wengine watatu. Usingoje. Anza naye huyo huyo, wiki hii ukiweza.

Mchezo wenyewe tangu mwanzo haukungoja meza ijae watu. Kabla haujachapishwa mwaka 1974, Gary Gygax, mmoja wa waliouunda, aliujaribu nyumbani kwake Lake Geneva, kule Wisconsin, na wa kwanza kushuka kwenye mashimo ya ngome aliyoibuni walikuwa wanawe wawili, Ernie na Elise. Baadaye kijana Rob Kuntz alicheza naye peke yake mara nyingi, akimwongoza shujaa wake Robilar bila kundi. Asikuambie mtu kwamba wawili hawatoshi.

Ila ujue kwamba mapambano ya toleo la tano, lile la 2014, yamepimwa kwa kundi la wachezaji watatu hadi watano. Chukua askari wa ngazi ya kwanza mwenye alama 12 za uhai. Pigo moja la gobilini, kale kajitu kaovu ka hadithini, linamtoa wastani wa alama tano na nusu. Wakimzingira wanne, wanapata zamu nne kwa kila moja yake, na mapigo matatu yakimpata yuko chini. Kwenye kundi angekuwepo wa kumwinua. Peke yake, mmemaliza usiku. Kwa hiyo usitazame nguvu za adui tu, hesabu na zamu zake. Mwekee adui mmoja, wakizidi sana wawili. Mwanzishe ngazi ya tatu na umpe chupa za dawa ya kuponya. Uchawi wa kumgandisha mtu uuache kabisa, maana huyu hana wenzake wa kuwatazama wakipigana. Atakaa akikutazama wewe unarusha dadu.

Utatamani kumwongezea shujaa wako mwenyewe atembee naye. Jizuie. Sanduku la kuanzia mchezo huu liitwalo Essentials Kit, la mwaka 2019, lina kanuni za wasaidizi, zimewekwa kwa ajili ya kucheza wawili namna hii. Msaidizi huyo mpe mchezaji amwendeshe vitani; wewe baki na sauti yake na tabia zake. Ukimshika wewe, mwenzako atajua kwamba msaidizi anajua yote unayoyajua, na kila njia panda atamuuliza, “Twende wapi?” Hapo atakuwa ameacha kucheza.

Sasa nifike kwenye jambo linalonifanya niupende mchezo wa wawili kuliko ule wa kundi. Mbele ya watu watano, swali la “Kwa nini uliondoka kwenu?” hupata dakika moja kisha zamu inahamia kwa mwingine. Hapa linaweza kula jioni nzima, na jibu lake ndilo linaloijenga dunia. Akikwambia shujaa wake alikimbia deni la baba yake, mdai awe na jina, awe na mji, siku moja apige hodi. Usiandike kisa kirefu kabla hujamsikia. Bibi yako hakuendelea na hadithi mpaka umemwitikia “Pakawa!”, na ukinyamaza alirudia “Paukwa?” mpaka uamke. Mchezeshe hivyo hivyo.

Na akishindwa, usikimbilie kumuua. Afungwe, aporwe upanga, adaiwe na mtu mbaya. Kifo cha shujaa mmoja kwenye kundi ni msiba wa mmoja; hapa kinazika hadithi yote. Fumbo nalo likimshinda hana wa kumnong’oneza, basi weka dalili tatu pale ambapo ungeweka moja.

Utachoka haraka kuliko unavyodhani. Kundi likibishana, mchezeshaji anapata kupumua na kupanga. Mkiwa wawili, kila neno la mwenzako linakungoja wewe. Saa moja na nusu ni nyingi. Ukikwama, sema wazi, “Nipe dakika tano,” mkachemshe chai. Hakuna aibu hapo.

Fedha zisikusumbue. Kanuni za msingi zinapatikana bure kwenye intaneti, na tangu Januari 2023 sehemu ya kanuni za toleo la tano imewekwa chini ya leseni huru, hata ukiichapa hakuna wa kukudai. Siku mtakayotaka kubadilisha, tafuteni mchezo mwingine wa aina hii, Ironsworn wa Shawn Tomkin, nao ni wa bure. Umetengenezwa kwa watu wachache tangu mwanzo. Mnaweza hata kucheza pamoja bila mchezeshaji, maswali mkaziachia dadu ziyajibu.

Dadu zako nimezifunga pamoja na korosho, zinakuja na basi la kesho asubuhi. Ya pande 20 ni ile ya kijani. Muulize mwenzako leo hii anataka kuwa nani, kisha uniandikie alivyojibu.

Mama yako