Kabla hujalipa ada ya kozi ya lugha, tuambie kwanza unaitaka ya nini

Watu wengi wakitutafuta swali lao ni moja tu, itanichukua miezi mingapi mpaka niongee? Na sisi huwa tunarudisha swali: unaitaka hiyo lugha ya nini? Wengine wanaona kama tunawakwepa lakini kwa kweli bila kujua hilo hatuwezi kukupangia chochote cha maana, tutakuuzia kozi tu.

Angalia. Mtu anayetaka kwenda kusoma Ufaransa anahitaji cheti, chuo kitamwambia kiwango gani, mara nyingi B2 yaani juu kidogo ya kati, na hapo lazima tumfundishe kuandika insha na kusikiliza mihadhara. Mwingine ameoa au ameolewa na mtu wa lugha nyingine, anachotaka ni kuongea na mama mkwe bila mtu wa katikati, huyo insha za nini? Mwingine ana biashara, anataka aelewe meseji za msambazaji wake na bei zisimpite. Wote watatu wanasema "nataka Kifaransa" ila ukiwaweka darasa moja, wawili kati yao watachoka na kuacha, na watadhani hawana kichwa cha lugha.

Hivyo viwango vya A1 (anayeanza) mpaka C2 (wa juu kabisa) unavyovisikia kila mahali vilitolewa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, na vinasaidia sana manake vinasema unaweza kufanya nini na lugha, siyo umemaliza kitabu gani. Ila cheti na kuongea ni vitu viwili. Mtihani mkubwa wa Kijapani, JLPT, hauna sehemu ya kuongea kabisa, yaani mtu anaweza kupata N1 ambayo ndiyo ya juu kuliko zote na siku ya intaviu akashindwa kujieleza. Na kingine, matokeo ya IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, yanahesabika miaka 2 tu, kwa hiyo usikimbilie kufanya mtihani kabla hujajua utayatumia lini.

Sasa muda. Taasisi ya Marekani inayofundisha wanadiplomasia wao inakadiria masaa 600 hadi 750 ya darasani kwa Kihispania au Kifaransa, na karibu 2,200 kwa Kichina, Kijapani, Kikorea na Kiarabu, na hao ni watu wazima ambao kazi yao kwa kipindi hicho ni kusoma tu, na ni wazungumzaji wa Kiingereza. Kwako wewe itatofautiana kidogo, mfano Kiarabu utakuta maneno mengi masikio yako yanayajua tayari, ingawa sarufi na kusoma maandishi yasiyowekewa irabu fupi itakutoa jasho kama wengine. Kwa hiyo mtu akikuahidi utaongea vizuri ndani ya mwezi mmoja, muulize masaa hayo anayapata wapi.

Changamoto ambayo sisi inatuuma zaidi siyo sarufi. Ndiyo, Kijerumani kina jinsia tatu za nomino na Kichina kina toni nne, yaani sauti ikipanda au ikishuka neno linabadilika maana, na Kiingereza kinaandikwa hivi kinatamkwa vile wakati sisi tumezoea kusoma kama ilivyoandikwa, lakini hayo yanafundishika. Shida kubwa iko pale B1, kiwango cha kati. Mwanzoni kila wiki unaona mabadiliko kwa sababu maneno unayojifunza ndiyo yanayotumika kila saa, ukifika katikati maneno mapya yanajitokeza mara chache, unasoma wiki nzima na huoni tofauti, na hapo ndipo watu wanapotoweka darasani kimyakimya. Hujarudi nyuma jamani, ni kwamba sasa unahitaji kusoma na kusikiliza vitu vingi vya kweli, habari, vidio, mazungumzo ya watu, kitabu cha darasani hakitoshi tena.

Halafu kuna kusahau. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaona sehemu kubwa inapotea mapema kabisa halafu kasi ya kusahau inapungua. Ndo maana tunakuomba dakika 20 kila siku badala ya masaa matatu ya wikendi, na maneno ya wiki iliyopita tunayarudia makusudi, usione tunapoteza muda.

Na aibu. Watu wazima wanaelewa sarufi haraka kuliko watoto ila wanaogopa kuchekwa, wanasubiri waive ndiyo waongee. Mdomo hauivi kwa kusubiri! Apu za simu ni nzuri kwa msamiati, tunazipenda na tunazitumia, lakini apu haikukatizi sentensi wala haikuulizi swali ambalo hukulitegemea. Kwenye madarasa yetu unaongea tangu siku ya kwanza, na mwalimu hakusahihishi kila kosa, anachagua yale yanayofanya usieleweke, mengine yanakuja baadaye.

Kwa hiyo ukituandikia taja lugha, sababu yako, unaihitaji kufikia lini, na kwa siku unaweza kutenga dakika ngapi hata kama ni chache. Kama una tarehe ya mtihani au viza itume nayo, tukiona muda hautoshi tutakwambia kabla hujalipa.